Punje Moja ya Mama

Mimi ni mtu wa kuchonga maneno, na sijawahi kulikana hilo. Ndiyo maana mwanamke mmoja, mhadhiri wa mawasiliano, alipofika Sindeni akitafuta mkalimani wa Kizigua, watu walimwelekeza kwangu moja kwa moja. Alikuwa anafanya utafiti kuhusu faragha mtandaoni: tunaweka nini kwenye simu, nani anakiona, na baada ya hapo roho zetu zinakaaje. Nikajisemea, haya, kazi ya kukaa mkekani na kuongea, nitaishindwaje?

Siku ya kwanza alinichosha kweli. Haandiki neno kabla ya kuomba ruhusa. Mtu akikatiza uani, anafunga daftari na kuanza kuulizia mvua mpaka huyo apite. Akimaliza anamsomea mwenyeji wake kila alichoandika, na akiambiwa hilo lifute, analifuta pale pale, hata kama ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Nilimuuliza mbona anajinyima hivyo. "Si langu, dada," akasema, akaendelea kufuta. Nami akanipa sharti moja tu: nitafsiri kama lilivyosemwa, nisiongeze wala nisipunguze.

Alitembea na kopo la punje za mahindi. Alimwomba mtu afikirie jambo lake moja, aweke mkekani punje moja kwa kila ambaye angependa alijue. Kisha aongeze punje za wote waliolijua kwa njia ya simu. Dada mmoja aliyemchamba wifi yake kwenye stetasi ya WhatsApp alimwaga kopo zima, akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki bila kicheko. Mhadhiri hakumhubiria. Alikaa naye tu, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule mhadhiri.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Miezi miwili nyuma mama yangu, mwenye sukari, alilazwa Korogwe kwa kidonda cha mguu. Huku kwetu usipomweka mgonjwa wako stetasi, watu watasema humjali. Nikampiga picha amelala, mguu nje, mtandio umemteleza kichwani. Nikaandika "Ugua pole mama kipenzi", na vikopa vinne vya mapenzi. Pole zikamiminika mpaka kutoka kwa shangazi kule Mashewa, nami nikajiona mtoto mwema kupita wote.

Aliporudi nyumbani, mwanamke mmoja pale bombani akamwambia ameona kwenye stetasi yangu, kumbe kichwa chake kimeshakuwa cheupe kwa mvi hivyo. Mama hakunigombeza. Aliacha tu kwenda kliniki. Tarehe ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kidonda kikaanza kutoa harufu. Nikimgusia habari ya kliniki, ananiulizia kuku wamekula nini. Niliogopa sana, maana najua miguu ya namna ile huishia wapi.

Siku ya mwisho ya utafiti mama akatuma ujumbe kwamba naye anataka kuulizwa. Kiswahili anakijua vizuri tu, lakini alipoitikia shikamoo ya mhadhiri, hapo hapo akakiacha Kiswahili. Akashika Kizigua. Mhadhiri alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akasema taratibu, "Mama, huyu ni binti yako. Nikutafutie mkalimani mwingine?"

Mama akajibu, nami nikatafsiri: "Anasema anataka huyu huyu."

Akachota punje konzi mbili, akazimwaga mkekani. Hawa waliniona kichwa wazi, akasema, na mimi nikasema hivyo hivyo. Mhadhiri akauliza, je, mwenyewe angependa wamwone wangapi? Mama akachukua punje moja, akaiweka mbali na lundo. Ni nani huyo? Mama akajibu, nami nikabaki naitazama ile punje. Mhadhiri hakunisukuma. Alisubiri.

"Anasema," nikaanza, "ni mwanangu. Yeye nilimruhusu anione. Sikumwambia awaite wengine."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi, mbele ya kazi ya watu. Mhadhiri alikuwa ameshaweka kalamu chini. "Mama, hili niliandike au niliache?"

Mama akamjibu kwa Kiswahili. "Andika. Wewe umeniuliza."

Nikafuta uso kwa kanga. Siku zote nilikuwa nikimwambia mama twende, twende, kama namfukuza. Siku ile nikapiga magoti mkekani. "Mama, unaniruhusu nikusindikize kliniki?"

Akawa anarudisha punje koponi kidogo kidogo. "Jumatatu," akasema. "Na simu nashika mimi."

Jumatatu tukapanda gari la Korogwe, mtandio wake ameubana kwa pini mbili. Simu yangu iliita njia nzima ndani ya pindo la kanga yake, na mimi sikuiomba.