Blanketi la Mama Yangu Lilivyoishia Kwenye Mahari ya Mtu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi, na hadi leo nikiyakumbuka damu inachemka.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma Minneapolis, Marekani. Mama, yuko zake Njombe, akaniambia kwenye simu: "Mwanangu, niletee kitu kilichotengenezwa na watu wa huko unakoishi."

Nikaanza kusaka. Maduka ya zawadi yalijaa vikombe na kofia za kiwandani tu. Weekend baada ya weekend natoka kapa.

Mwishowe, soko la wakulima Saint Paul, nikampata bibi mmoja kutoka Lakeville. Anafuga kondoo, anafuma mablanketi ya sufu mwenyewe. Pembeni anadarizi loon, ndege wa maziwa ya kule, macho mekundu.

Nikamwomba aongeze na kuku, maana mama ni mfugaji. Alicheka sana, ila akamweka.

Mnaoijua baridi ya Njombe mtanielewa nilivyofurahi.

Nauli ya kwenda sikuwa nayo. Rafiki yangu Gaudence alikuwa anakwenda hukohuko Njombe kuoa. Si mnajua desturi yetu ughaibuni, anayekwenda nyumbani anabeba mizigo ya wenzake. Nikampa.

Aliporudi akasema, "Pole kaka, begi lenye mzigo wako limepotea airport." Niliumia, ila nikamwamini.

Jumamosi moja akatuita kwake New Hope kuangalia mkanda wa harusi yake. Ikafika sehemu ya kumfunika mama mkwe blanketi la mahari.

Loon na kuku!

Nikasimama. "Gaudence, hilo si blanketi la mama yangu?"

Wala hakuona aibu. "Wazee waligoma kumtoa binti bila blanketi, ningefanyaje? Acha utoto bwana, utanunua lingine."

Watu wakanivuta nikae, eti naharibu shughuli. Mimi ndiye naharibu!

Ndipo kamera ikageukia wageni. Kumbe mama yangu naye alialikwa. Amejikunyata ndani ya kanga yake kwenye baridi ile, anampigia vigelegele mwenzake aliyefunikwa.

Sikumwambia hadi anafariki. Gaudence sijampa mkono tena, na msinihubirie msamaha hapa.

Nilichojifunza: zawadi ya mzazi ipeleke mwenyewe, hata ikikaa kabatini miaka.

Haya, ingekuwa mama yako ndiye yuko kwenye ule mkanda, ungemfanya nini Gaudence? Tiririkeni.