Kichaa cha mbwa kiliingia nyumbani kwetu Newala, na dozi ilikuwa ya mtu mmoja

Wakuu, salamu kwenu wote mlioko kazini na mliojilaza na simu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naumaliza. Humu hamna chai, ni kitu kilichonikuta mimi na mama yangu mzazi, na kovu ninalo mkononi.

Naishi kijiji kimoja nje kidogo ya Newala mjini. Mkulima wa korosho.

Mzee wangu alipofariki, Mama alinyong'onyea kabisa. Shambani haendi, chakula anagusa tu, anashinda kalala kaangalia ukutani. Tulimsemesha sana, wapi!

Aliyemwinua ni mbwa.

Anaitwa Hayawahusu. (Wamakonde wenzangu mnajua, kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani.) Kila alfajiri anakwaruza mlango wa Mama mpaka atoke, wanaongozana shamba. Mama anaokota korosho, yeye anafukuza ngedere na nguruwe pori. Baada ya miezi michache Mama akawa anakula, anacheka, anagombana na watu kama zamani.

Sasa msimu uliopita akapita mbwa mgeni, anayumba, mate yanamdondoka. Akapigana na wetu. Hayawahusu akatoka na jeraha dogo shingoni, nikampaka majivu, nikaendelea na kazi.

Mtaniuliza, alikuwa amechanjwa? Hapana. Gari la matangazo lilipita kijijini, leteni mbwa wenu, na ilikuwa bure. Siku hiyo napulizia mikorosho. Nikasema mwakani.

Wiki kadhaa zikapita, mbwa akabadilika.

Anajificha nyuma ya ghala. Ukimwita anakutazama kama hakujui. Sauti imekwama. Ukimwekea maji anasogea, koo linahangaika, hamezi.

Mimi nikajua ana mfupa kooni. Wakuu, nikampanua kinywa kwa mikono yangu niutoe.

Akanidaka hapa kwenye kifundo cha mkono. Hakubweka wala hakunguruma.

Nikamvutia kwenye jiko la zamani kwa kamba, nikafunga mlango, nikafunga kidonda kitambaa, nikampigia afisa mifugo wa kata yetu. Ni dada mmoja, tunamwita Mama Neema. Akaja na pikipiki yake, akachungulia dirishani mara moja tu, akarudi nyuma haraka.

"Baba Zuhura, umeosha hilo jeraha?"

"Nimelifunga."

"Lifungue. Sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Sasa hivi."

Maji! Wenyeji wa Newala mnanielewa. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, kisima chetu cha mvua kimekauka, ndani kuna dumu moja tu la kunywa. Mama Neema akalimimina lote mkononi kwangu. Mama kasimama mlangoni anatazama maji yanavyopotelea kwenye mchanga.

Kisha Mama Neema akauliza, "Nani mwingine amegusa mate yake?"

Nikajibu hakuna, ni mimi tu.

Akamgeukia Mama. Nami ndipo nikaona Mama kaviringisha mikono ndani ya khanga.

"Mama, naomba nione mikono yako."

"Hakuning'ata."

"Najua mama yangu. Naomba nione tu."

Akaitoa. Wiki ile alikuwa anabangua korosho, mafuta ya maganda yamembabua viganja, nyama nyekundu inaonekana.

"Alikuwa ananilamba," akasema taratibu. "Siku ya nne leo. Nilijua nikisema mtamuua."

Wakuu, mimi nimeng'atwa nikavumilia. Lakini pale nilikaa chini kwenye tope la maji yale.

Tukaazima maji kwa jirani, naye akaoshwa. Bodaboda mbili, mpaka zahanati. Hakuna chanjo. Kituo cha afya kilichofuata, nesi akafungua friji, akarudi anatutazama kwa zamu.

"Ninayo ya mtu mmoja."

Nikasema mchome Mama. Mama akasema, "Mchomeni huyu, ana watoto wadogo. Mimi nimeshaishi." Tukaanza kubishana mbele ya wagonjwa, mimi nalia, yeye ananikaripia kama nina miaka saba.

Nesi akatukatiza. "Mama ana siku nne, wewe una saa mbili. Anachomwa yeye, wewe unakimbia Masasi. Nimeshapiga simu, hospitali ya wilaya imeisha, Masasi ipo."

Ile safari ya Masasi sitaisahau. Nimeshika mkono wangu, nahisi kitu kinapanda taratibu kutoka kifundoni kwenda kwenye kiwiko. Pengine ni woga tu. Mate yakinikauka naogopa, yakijaa naogopa. Nilifika, nikachomwa chanjo, na sindano nyingine kuzunguka jeraha.

Hayawahusu alikufa siku ya tatu ndani ya lile jiko. Mama Neema alimzika kwa glavu, shimo refu. Mama hakutoka kutazama.

Dozi zilizobaki tulizifuata wote wawili, hatukuruka hata moja. Lakini hofu haikuisha na sindano. Kila asubuhi nilikuwa namimina maji kwenye kikombe, nayatazama kwanza, nione kama nayaogopa. Kisha nakunywa. Asubuhi moja nikamkuta Mama jikoni anafanya hivyo hivyo, kikombe kimetulia mbele ya macho yake.

Akanywa, nikanywa.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Tuko wazima. Shambani Mama anakwenda na mimi, na ameniambia mbwa mwingine ataingia pale nyumbani siku akiletwa pamoja na kadi ya chanjo.

Nilichojifunza: mnyama anayekutunza anakutegemea umtunze. Mimi nilimuonea uvivu kwa asubuhi moja tu, na nusura nimzike Mama.

Waliowahi kupitia hili, tuambieni mlivyovuka ile miezi ya kusubiri. Wataalamu, nirekebisheni nilipokosea.

Ila wewe unayesoma huku umelambwa mchubuko au kung'atwa na mbwa usiyemwelewa, usiulize kitu hapa. Weka simu chini, osha kwa sabuni, nenda.