Buti za Kutembea Kando Yake

Rafiki yangu wa Buffalo, huku Marekani, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, na mwaka 2015, majani yalipoanza kuanguka, alikuwa na neno moja tu: niende tukawinde kulungu. Sisi ni Warundi, ujana wetu wote tuliumaliza pamoja katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Yeye alipata kazi kiwandani Tonawanda, na wazungu wa pale wakamfundisha kuwinda. Mimi nilikuwa Louisville, mtaa wa Beechmont, nikipanga maboksi ghalani.

"Njoo, mzee," aliniambia. "Ila safari hii sikubebi."

Alikuwa na haki ya kunitania. Siku moja, tukiwa vijana, tulikwenda kukata kuni nje ya kambi nikatumbukia shimoni, kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika. Alitupa kuni zake zote, akanibeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima aliimba nyimbo za kwaya ili nisimsikie akihema. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo mteremko hunitisha, na baridi ikija kifundo hukaza kama bawaba yenye kutu. Kwa hiyo nilipokubali kwenda, nilimwomba Mungu jambo moja: nitembee kando ya mtu yule msituni kwa miguu yangu mwenyewe, kwenda na kurudi.

"Kwa viatu gani?" mke wangu aliuliza.

Nikamwonyesha mabuti yangu ya mpira.

"Hayo ni ya kulimia mpunga. Utarudi na vidole mfukoni."

Nilimwambia nitavaa soksi tatu ndani yake. Kambini viatu vilikuwa mitumba, mara nyingi vikubwa mno, na aliyepata vya kumbana alimshukuru Mungu. Nilikuwa bado naamini kwamba kiatu kinachobana ndicho kiatu. Mke wangu hakubishana. Alimpigia simu binti yetu wa Columbus, ambaye ningelala kwake njiani, na nilipofika nikakuta mambo yamekwisha kupangwa.

Binti yangu anatunza wazee, na anawajua wasiosikia la mtu. Asubuhi alinipeleka Clintonville, kwenye duka la buti za kazi na za mawindo. Muuzaji alikuwa mzungu wa umri wangu, ndevu nyeupe. Nilidhani ataniletea buti nichague. Badala yake alinikalisha kwenye kiti, akasema nivue viatu na soksi, akapiga magoti mbele yangu, magoti yenyewe yakilia kama kuni kavu. Akaushika mguu wangu mbovu kwa mikono miwili.

Katika kanisa letu, kabla ya meza ya Bwana, tunatawadhana miguu. Nje ya ibada ile, hakuna mwanamume aliyewahi kuupigia magoti mguu wangu. Na ibada ile ina utaratibu: ukishatawadhwa unainuka, aliyekutawadha anakaa, nawe unapiga magoti. Yule mzee alipouweka mguu wangu juu ya kipimo cha chuma, akaugeuza taratibu, akakibonyeza kifundo pale hasa panapouma, moyo wangu ulisahau kwamba tuko dukani. Alipomaliza niliinuka, nikamshika mkono, nikamwonyesha kiti, nikaanza kupiga magoti.

"Baba!" Binti yangu alinidaka makwapani. "Amekupima tu. Hajakutawadha."

"Anataka nini?" mzee aliuliza.

Binti akamweleza, uso ukimwaka kwa aibu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kweli kwenye kile kiti, kipimo mapajani, akavua kofia. Kwa Kiingereza cha polepole, nilichoweza kukifuata, alisema watu wamekalia kiti kile miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kumpisha. Tukatazamana. Nilisikia yale ninayoyasikia kanisani maji yanapomiminwa.

"Haya," akasema, "sasa rudi ukae, tukutafutie buti."

Buti za kwanza zilinibana vizuri, nami nikazisifu. Akaniambia nichezeshe vidole. Havikucheza. Binti akatafsiri: kinachopasha mguu joto ni hewa iliyomo ndani ya buti, ukiibana unaifukuza. Soksi ni moja tu, nene, ya sufu; ya pamba hunywa jasho kisha hugeuka barafu. Buti za pili zilikuwa na nafasi, lakini kisigino kilipanda na kushuka ndani yake. Za tatu zilikuwa za ngozi, ndefu kupita kifundo, ngumu ubavuni, na bitana nene. Alizifunga yeye mwenyewe: kamba zikalegea kwenye vidole, zikakaza palipo na kifundo. Dukani palikuwa na ubao uliolala mteremko, akanipandisha juu yake.

Nilishuka kwa ubavu, kama nilivyozoea.

"Nyooka, baba," binti akasema.

Nikanyooka, nikashuka. Kifundo kilikaa palepale kana kwamba yule mzee bado amekishika. Binti yangu, ambaye maisha yake yote amenijua nikichechemea, aligeuka akatazama dirishani.

Buffalo niliikuta nyeupe kwa theluji. Rafiki yangu alinitazama miguuni kabla ya usoni. "Ee bwana! Umekuja na nyumba mbili!"

Alfajiri tuliomba ndani ya gari, kisha tukaingia msituni kwenye vilima, yeye na bunduki, mimi na chupa ya chai. Nimeishi sana na misitu, lakini sikuwahi kuona msitu ulionyamaza hivyo. Kila tawi lilikuwa limebeba theluji yake bila kuitikisa. Tuliketi kwenye gogo tukingoja, na vidole vyangu vilikuwa na joto. Kulungu alipotokea, pumzi yake ikipanda kama moshi wa jiko, nilijikuta nimevua kofia. Rafiki yangu alipiga mara moja, mnyama akalala.

Kazi ilikuwa kumburuta mpaka garini, mteremko mtupu, mizizi imefichwa na theluji. Tulimfunga kamba, tukaishika kila mtu upande wake. Tulipofika katikati nilisikia rafiki yangu akihema, pumzi za mzee. Nikaanza kuimba wimbo wa kwaya, ule wa kambini.

"Unaimba ili nisikusikie ukihema," akasema.

"Naimba ili nisikusikie wewe."

Alicheka mpaka akaachia kamba, tukasimama pale theluji ikituangukia mabegani. Kisha akaitikia sauti ya pili, tukaendelea kushuka. Kwenye gari akaniuliza, "Na mguu?"

Ilinibidi nitazame chini nikumbuke ni upi.