Idadi ya Ng'ombe wa Baba

Mwalimu wangu wa kidato cha nne alinifundisha namna ya kuwapendeza watu wa mahojiano. Ukiingia, watazame machoni. Ukiulizwa, jibu papo hapo na kwa sauti. Usinyamaze hata kidogo, maana anayenyamaza huonekana hana kitu kichwani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, na mimi niliyameza maneno yake yote, mjinga wa Mungu.

Barua ya kuitwa ilikuja kwa sanduku la posta la mwenye duka aliyetuuzia sukari, kwa kuwa sisi hatukuwa na sanduku. Ofisi moja ya mifugo pale Isiolo ilitaka karani wa kuandikisha ng'ombe wanaoletwa sokoni. Nilikuwa nikikaa mjini kwa shangazi. Baba alikuwa na mifugo kule Biliqo, lakini habari ilipomfikia alipanda lori, akashuka kwetu na vumbi hadi kwenye nyusi. Binti yake asingeingia peke yake mbele ya wanaume asiowajua.

Kazi ile niliihitaji kwa sababu moja. Kila muhula niliokuwa sekondari, ng'ombe mmoja wa baba aliuzwa. Masomo yangu yalikuwa yamekula karibu zizi zima, na sasa mdogo wangu wa kike alikuwa akingoja zamu yake. Nikiajiriwa, ningemsomesha mimi, na ng'ombe waliobaki wangepona. Nikikosa, ama mtoto angebaki nyumbani ama zizi lingeisha.

Shangazi alijifanya mkubwa wa ofisi. Alikaa juu ya mtungi wa maji uliofunikwa ubao, akaniuliza maswali huku akikoroga chai.

"Sauti!" alifoka. "Unaongea kama mtu ameficha kitu."

Siku yenyewe baba alikaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lililoachwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani kulikuwa na wanaume watatu. Mwenyekiti alikuwa ametoka Kenya, kama tulivyosema siku hizo kuhusu kila mtu wa kutoka kusini, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. Wa pili alikuwa wa kuandika tu. Wa tatu alikuwa mtu wetu, Mborana aliyezaliwa kwenye kambi za ng'ombe kama mimi, sasa ana saa ya kung'aa mkononi. Nilipomwona, moyo ulitulia.

Hesabu zao nilizijibu kabla hawajamaliza kuuliza. Niliwatazama machoni mpaka yule wa kuandika akainamisha kichwa. Mwenyekiti alitabasamu, akaegemea kiti.

"Baba yako ako na ng'ombe ngapi?"

Kwetu, mifugo iliyo hai haitajwi kwa idadi. Mwenyewe humjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake. Akikosekana mmoja malishoni atajua bila kuambiwa. Lakini kuwatamka kwa namba ni kuwaitia mabaya. Ukiulizwa unasema wapo, unamshukuru Mungu, na muulizaji mwenye adabu anaishia hapo.

"Wapo," nilisema. "Alhamdulillahi."

"Wapo ngapi?"

"Wapo kidogo."

Alicheka, akamgeukia mwandishi wake. "Huyu anataka kuhesabu ng'ombe ya watu, na ya baba yake hajui!"

Nilimtazama mtu wetu. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Angesema, bwana mkubwa, huku hilo haliulizwi. Yeye aliangalia saa yake, kisha akaniambia kwa Kiborana, taratibu, "Sema tu, binti yangu. Unatuaibisha."

Hapo nikamkumbuka mwalimu. Nikainua uso.

"Kumi na mmoja!"

Sauti ilijaa chumba, ikatoka dirishani. Nilisikia benchi la nje likilia.

"Sasa hapo umeongea kama mtu wa ofisi," alisema mwenyekiti, akanipa mkono. Nami nilifurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi sana.

Baba hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama langoni, ameipa ofisi mgongo. Alitangulia mbele yangu hadi nyumbani, akanywa chai ya shangazi, akauliza kama kuna maji ya kutawadha.

Tulingoja wiki mbili. Baba alisema ana shughuli sokoni, na shughuli hakuwa nayo. Alikuwa akingoja majibu. Siku nilipochoka nikaenda ofisini mwenyewe. Kwenye meza ya karani alikaa kijana wa rika langu, mtoto wa dada yake yule mtu wetu. Nilimuuliza kama majibu ya mahojiano yametoka.

"Majibu ya kazi gani? Hii?" Alipapasa meza yake. "Mimi niko hapa tangu mwezi jana, dada. Ile siku walikuwa wanajaza fomu tu, ionekane watu waliitwa." Halafu, kwa upole ambao mpaka leo unaniudhi, akaongeza, "Lakini walisema ulijibu vizuri sana."

Nilimkuta baba mahali malori yanapopakia. Nilimweleza yote. Nilimtukana mwenyekiti, nikamtukana mtu wetu na mpwa wake na saa yake. Nilitaka baba akasirike pamoja nami. Nilitaka awalaani.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo hawakuwa na haja ya kujua?" aliuliza.

"Hawakuwa nayo."

"Basi wewe uliwaambia kwa nini?"

Hakungoja jibu. Alipanda juu ya magunia, akajifunika shuka uso kwa ajili ya vumbi, na lori likaondoka kuelekea Biliqo. Nilibaki pale barabarani nikiwachukia wale wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, nikijua kabisa kwamba kati ya watu wote waliokuwa katika chumba kile, aliyewataja ng'ombe wa baba kwa idadi ni mimi.