Mahindi ya Ukungu ya Baba Mdogo

Jamani, leo nimenusa mahindi yenye ukungu sokoni nikakaribia kutapika.

Nimemkumbuka baba mdogo, miaka ya tisini huku kwetu Ahero. Mvua ilitukuta tukivuna, mahindi yakaota ukungu wa kijani ghalani. Yalinuka kama panya aliyekufa. Mama akataka tuyachome.

Baba mdogo je? Aliyaosha, akayaanika kando ya lami, akayapeleka sokoni!

"Shemeji, si sisi tutakaoyala," alimwambia Mama.

Ptuu!

Mama alimfuata, akamwaga gunia mbele ya wateja. "Nuseni! Haya yametoka kwetu, na ni sumu."

Baba mdogo alimnunia mwaka mzima. Sisi tulikula viazi vitamu mpaka tukavichoka.

Wewe ungemwaga, ama ungenyamaza kwa sababu ni ndugu?