Sinia moja, dawa moja: muuguzi wa Newala na vifundo vya wapakiaji

Saa moja asubuhi, Newala. Lori la korosho bado halijajaa, na Ashraf anaingia zahanati akirukaruka kwa mguu mmoja, mkono wake begani kwa Bartholomayo, mpakiaji mwenzake.

"Shikamoo, Mama Justin."

"Marahaba. Ubao tena?"

"Ubao, mama. Gunia limefika ndani ya lori, mimi nimebaki chini."

Perpetua, ndiye Mama Justin, muuguzi wa zahanati hii binafsi, anacheka huku akikizungushia kifundo cha mguu kilichovimba kitambaa chenye maji ya mtungini.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia kwenye biashara ya korosho, malori hugombea mzigo, wapakiaji hukimbia juu ya mbao za kupandia lori, na vifundo huteguka. Tiba iliyozoeleka ni vidonge vya kupunguza uvimbe. Perpetua anavijua kwa machungu.

"Baba yangu alipakia magunia Masasi," anasema. "Alivimeza bila kula, msimu hadi msimu, mpaka akatapika damu. Mguu ulipona. Tumbo ndilo lililomstaafisha."

Ndiyo maana msimu uliopita, kwa idhini ya daktari wa zahanati, Perpetua alianza kulinganisha dawa mbili. Wapakiaji walioumia na kukubali waligawiwa dawa kwa kura ya bahati: huyu vidonge, yule dawa ya kupaka. Je, ya kupaka ingetosha, tumbo lisalimike?

Matokeo yalishangaza. Wote walipona sawasawa! Perpetua alitembea kwa furaha hadi alipopita ghalani saa ya chakula. Wapakiaji walikuwa wamezunguka sinia moja la ugali na kisamvu. Kando yake kulikuwa na vidonge juu ya kifuniko, na ile dawa ya kupaka ikipita mguu kwa mguu.

"Tungemnyimaje mwenzetu?" anauliza Ashraf, hata leo haoni kosa. "Tunakula pamoja, tunaumia pamoja."

"Mimi nilimeza vidonge ilhali mguu wangu ulikuwa mzima," anadakia Bartholomayo.

"Nilitaka kulia, maana sikujua tena dawa ipi imemponya nani," anakumbuka Perpetua. "Kisha nikaliangalia vizuri lile sinia."

Msimu huu kura haikumgusa mtu mmoja mmoja. Genge zima la wapakiaji, wanaokula sinia moja, linatumia dawa moja. Genge la Ashraf limeangukia ya kupaka. Genge la ghala la pili, vidonge. Sasa mji mzima unafuatilia kama mechi.

"Nyie wa vidonge, bado mnachechemea?"

"Nyie wa mafuta, angalieni msiteleze!"

Lori la mwisho la msimu likiondoka, Perpetua atawasomea matokeo wote pamoja. "Ya kupaka ikifua dafu, nitaomba iagizwe kwa wingi, ifike hadi zahanati ya kijijini Chiwata. Isipofua, nitasema vilevile. Lakini nina matumaini, jamani, nina matumaini!"

Anamkabidhi Ashraf dawa yake. Bartholomayo anaitupia jicho.

"Ndani ya genge lenu, gawaneni mpaka mchoke," Perpetua anawaambia.

"Na wale wa ghala la pili wakituomba?" anauliza Ashraf.

"Wapeni ugali."