Doa la Mawese kwenye Ukurasa wa Tembo

Kila ninapofungua chupa ya mawese mapya na harufu yake ikapanda, nakumbuka kijitabu kimoja cha sarakasi, na uso unaniwaka moto, mtu mzima mimi. Nikwambie ukweli, msomaji wangu, si kumbukumbu ninayoipenda. Lakini imenikaa kooni miaka mingi, na leo nataka kuitoa.

Kijitabu kilikuwa cha Bibi Mwamini, aliyemlea baba yangu kisha akatulea na sisi, pale mtaa wa Waswahili, Rumonge, Burundi. Kilitoka enzi za Wabelgiji, siku sarakasi ya Wazungu ilipofika Usumbura, Bujumbura ya leo, kwa meli na kusimamisha hema lake karibu na bandari. Walioingia waliuziwa kijitabu mlangoni, wakaenda nacho nyumbani kama ukumbusho. Jalada lake lilikuwa jekundu. Ndani kulikuwa na mwanamke aliyesimama juu ya farasi anayekimbia, bwana mwenye masharubu katikati ya simba, na tembo aliyeketi juu ya kigoda, miguu ya mbele ameinua. Maneno ya chini yalikuwa ya Kifaransa. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja; ukurasa wa tembo aliutambua kwa doa la mawese lililokuwa pembeni, pana kama kiganja cha mtoto.

Kwetu Idi haikuwa Idi bila kijitabu kile. Wanaume wakisharudi kuswali, majirani walikuja kula pilau na kunywa kahawa, kisha Bibi alinituma chumbani. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikakitoa sandukuni, nikakileta juu ya sinia lililofunikwa kitambaa kilichodariziwa. Kazi ya kufungua kurasa ilikuwa yangu, na jinsi nilivyojidai, we acha tu. Bibi alitusimulia jinsi vumbi la mbao lilivyonuka ndani ya hema, na jinsi wanawake walivyoficha nyuso simba alipopiga miayo. Akifika kwa tembo aliinuka, akapindua kinu, akakikalia huku ameinua mikono, na watu wazima walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Shuleni nilitamba kwamba Rumonge nzima ni bibi yangu peke yake aliyemwona tembo akikaa kitako.

Basi Idi moja tukapata mgeni, Bibi Zaina, mdogo wake Bibi, tumbo moja. Tangu ujana wake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Kigoma, na mwaka ule, baada ya kufiwa na mumewe, alirudi akakaa Nyanza-Lac. Sisi watoto hatukuwahi kumwona. Alikuwa mwembamba, msemaji wa taratibu, na alikuja na kapu zima la migebuka iliyokaushwa, samaki wa ziwa letu. Niliona tu kwamba alimtazama sana baba, na kwamba baba aliangalia sahani yake.

Nilipofunua kitambaa, Bibi Zaina akapiga makofi kwa furaha.

"Dada, kumbe ulikichunga. Hii kitabu yangu, nilizani ilishapotea."

Bibi hakumtazama.

"Kitabu ni yangu, Zaina. Ni mimi niliingia mu hema."

"Aa, dada, niliingia na bwana yangu. Na pale iko tembo, iko doa ya mawese. Nilikuwa nakula kitumbua, mafuta ikamwagika."

Jirani yetu fundi cherehani, mtu wa utani, akanigeukia. "Haya mutoto, fungua tuone. Tembo atatoa ushahidi."

Doa nililijua. Kila mtu wa nyumba ile alilijua. Nilimtazama Bibi, nikaona amekaza macho kwenye sinia, na hapo nikaelewa kwamba yule aliyenichapa kila niliposema uongo alikuwa akisema uongo mbele ya majirani, siku ya Idi, kwa ajili ya karatasi za picha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kabla sijafungua, Bibi Zaina aliweka kiganja chake juu ya jalada. Sasa naye alikuwa amemtazama dada yake vizuri.

"Wacha, mama," aliniambia. "Minazeeka, kichwa haiko sawa. Yangu ilikuwa ingine."

Watu wakacheka. Fundi akambatiza mgeni jina la Bibi Tembo, na jina likazunguka mtaani kabla pilau haijapoa. Kesho yake mgeni alipanda gari la Nyanza-Lac. Idi iliyofuata Bibi hakunituma chumbani, nami sikuuliza. Heshima yangu kwake ilibaki ya mdomoni; moyoni nilimwonea haya.

Nilikuwa sekondari habari ilipotufikia kwamba Bibi Zaina amefariki. Tulikwenda wote Nyanza-Lac. Maiti ilipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, shehe alisimama mlangoni akauliza ni nani mwanawe atakayeshuka kaburini kumpokea. Kwetu anayeshuka kwanza ni mwana wa marehemu, kama yupo. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nikingoja mtu wa Kigoma ajitokeze. Baba yangu akavua viatu.

Ndugu wa pale hawakushtuka. Tulioshtuka ni sisi watoto. Jeneza lilipoondoka, Bibi alifungua furushi lake, akatoa kijitabu, akakifungua penye doa bila kutafuta, akakilaza juu ya kitanda kitupu.

"Hii ni ya Zaina," aliwaambia wanawake. "Yeye na bwana yake waliingia. Mimi nilibakia inje, nimebeba mutoto wao. Usiku yote nilimuuliza: tembo alifanya nini, simba alifanya nini. Kisha wakaenda Kigoma; mutoto alikuwa na homa, Zaina akasema nimuchungie mpaka arudi. Akaniachia na hii kitabu. Mimi sikuwa nazaa."

Nami nikiwa pale mkekani nikaiona upya Idi ile. Bibi hakuwa akipigania karatasi. Angekubali mbele ya watu kwamba kijitabu aliachiwa tu akitunze, angebaki kujibu ni nini kingine alichoachiwa, na baba alikuwa ameketi pale pale na sahani yake. Mdogo wake alilitambua hilo, akakubali kuitwa mzee aliyechanganyikiwa, ili dada aendelee kuitwa mama.

Kijitabu sasa kimo sandukuni kwangu, na doa bado linanukia kidogo ukilisogeza puani. Aibu niliyombebesha Bibi imenirudia mwenyewe. Kesho yake ya Idi ile, tulipomsindikiza kituoni, kabla hajapanda gari, Bibi Zaina aliinama anibusu kichwani. Mama aliyemzaa baba yangu. Nikajivuta nyuma, kwa kuwa ndiye aliyeniharibia Idi yangu.